Mfungwa akinyimwa matibabu, sheria inasema nini? Tuliyojifunza baada ya kaka yangu kukosa insulini rumande

#1 Mwenye Daftari

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Kila nikitaka kuuandika mikono inakuwa mizito. Ila wiki hii nimeona mtu anauliza kama mfungwa ana haki yoyote akiumwa, na majibu aliyopewa yameniumiza, maana karibu yote yalikuwa ya kubahatisha. Nimeamua kumwaga hapa niliyoyajua, anayejua zaidi anisahihishe.

Kaka yangu ana kisukari aina ya kwanza. Mwili wake hautengenezi insulini, anajichoma sindano kila siku tangu akiwa na miaka 11. Ijumaa moja alifikishwa mahakamani, dhamana ikakwama, jioni akapelekwa rumande. Pochi yake ya dawa, ndani ina insulini, sindano na kipimo cha sukari, ilichukuliwa mapokezi ikaandikwa kwenye orodha ya mali zake pamoja na mkanda na simu. Akaambiwa dawa za kutoka nje haziingii, atapewa za humo ndani. Za humo ndani hazikuwepo, na mganga wa zahanati alikuwa harudi mpaka Jumatatu.

Mwenye mgonjwa wa aina hii nyumbani ameshajua kilichofuata. Jumamosi anakunywa maji hayakati kiu. Jumapili anatapika, anahema haraka haraka, maneno yanapotea mdomoni. Askari wa zamu akadhani ni mlevi ambaye pombe inamtoka. Wenzake selo waligonga mlango mpaka mikono ikavimba. Usiku akapoteza fahamu, akafikishwa hospitali saa 11 alfajiri. Siku 9 chumba cha wagonjwa mahututi. Alipona, ila figo zake hazijarudi kama zamani.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: kesi yake iliendelea, akakutwa na hatia, akatumikia kifungo cha miezi 14. Sikuja hapa kumsafisha. Miezi 14 ndiyo adhabu aliyopewa na hakimu. Kukosa insulini hakukuwa kwenye hukumu, na wakati ule alikuwa bado hata hajahukumiwa.

Sasa sheria. Jambo la kwanza nililotaka kuelewa ni kwa nini serikali iwajibike. Mimi na wewe tukiumwa tunaamka tunakwenda hospitali. Hii ikitukataa tunakwenda ile, tukikosa hela tunakopa kwa ndugu. Aliyefungiwa mlango hana hata moja kati ya hayo. Funguo ziko kiunoni kwa mtu mwingine. Aliyezishika funguo ndiye aliyebeba na ugonjwa wa aliye ndani. Kesi nyingi nilizosoma, za nchi mbalimbali, zinaanzia hapo hapo.

Maarufu kuliko zote ni ya Marekani, Estelle dhidi ya Gamble ya mwaka 1976. J.W. Gamble alikuwa mfungwa Texas, akifanya kazi ya kushusha marobota ya pamba. Mwaka 1973 robota la karibu kilo 270 lilimwangukia mgongoni. Aliandika malalamiko yake mwenyewe kwa mkono, hana wakili, yakafika mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi ile. Mahakama ikasema kwamba kutojali kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni adhabu ya kikatili, na katiba yao inakataza adhabu ya kikatili. Watu wengi wananukuu hapo halafu wanafunga kitabu. Gamble mwenyewe, dhidi ya daktari wake, alishindwa. Alikuwa ameonwa na watumishi wa afya mara 17 ndani ya miezi mitatu. Mahakama ikaona kwamba kutompiga picha ya eksirei ni suala la maamuzi ya kitabibu. Kama daktari alikosea, huo ni uzembe wa kawaida, una mlango wake mwingine.

Nimekaa sana na kesi hii kwa sababu inaonyesha mahali ambapo familia nyingi zinajikwaa. Tunadhani ukishaonyesha kwamba mgonjwa aliteseka, umeshinda. Mateso peke yake hayatoshi. Swali linakuwa: nani alijua, na alijua lini? Mwaka 1994, katika kesi ya Farmer dhidi ya Brennan, mahakama hiyo hiyo ilikaza zaidi, ikasema mtumishi awe alitambua mwenyewe kwamba kuna hatari kubwa kisha akaipuuza. Kwamba alipaswa kujua haitoshi.

Na hapo ndipo daftari la mama yetu lilipotuokoa. Ijumaa ile ile jioni alikwenda getini na cheti cha kliniki ya kisukari. Jumamosi akarudi asubuhi na mchana. Jumapili akarudi tena. Mama ni mtu wa kuandika kila kitu, mpaka hesabu za vikoba anaandika. Kwenye daftari dogo la shule aliandika saa aliyofika, jina lililokuwa kifuani kwa askari aliyeongea naye, na maneno aliyojibiwa. Wakati wa kesi yetu ya kudai fidia, utetezi wa upande wa gereza ulikuwa mmoja tu, kwamba hakuna aliyewahi kuambiwa. Wakili wetu akaomba kitabu cha wageni cha getini kiletwe. Saa zikalingana na daftari, ziara zote nne. Baada ya hapo wakataka mazungumzo, tukamaliza kwa fidia nje ya mahakama.

Kama utaondoka na kitu kimoja kwenye uzi huu, ondoka na hiki. Wajulisheni kwa maandishi, na mbaki na ushahidi kwamba wamejua.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

#2 Jicho la Tatu

Pole kwa yaliyomkuta kaka yako mkuu. Lakini niulize bila kuficha. Huku nje kuna watu wema kabisa hawajamwibia mtu wanakufa kwa kukosa dawa. Kwa nini aliyevunja sheria apate matibabu ya bure kabla yao? Pesa ya serikali ni ile ile.

#3 Mwenye Daftari

Jicho la Tatu, swali lako ni halali na hata nyumbani kwetu liliulizwa, tena na mjomba wetu.

Hakuna sheria inayosema apate zaidi ya aliye nje. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa Desemba 2015, zinasema kwenye kanuni ya 24 kwamba apate huduma ya kiwango kile kile kinachopatikana kwa jamii, bila malipo na bila kubaguliwa kwa sababu ya hadhi yake kisheria. Kile kile. Bila malipo kwa sababu humo ndani hafanyi kazi ya kumwezesha kulipa, na hawezi kutoka kutafuta.

Aliye nje akikosa dawa ni msiba mkubwa na tuupigie kelele. Ila yeye hakuna aliyempokonya dawa mkononi. Kaka yangu insulini alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye droo mita chache kutoka alipolala akitapika, na ilikuwa yake, aliinunua kwa pesa yake.

#4 Hati na Kiapo

Nimefanya kazi ya uwakili kwa miaka kadhaa, mashauri ya wafungwa yakiwemo. Mleta mada ameeleza vizuri, niongeze na nirekebishe kidogo.

Kwanza hoja ya pesa, Jicho la Tatu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 10, unataka kila aliyenyimwa uhuru atendewe kwa utu. Kamati inayousimamia ilisema mwaka 1992 kwamba wajibu huu, kwa kiwango chake cha chini, hauwezi kutegemea kama nchi ina mali au haina. Kwa hiyo "bajeti haikutosha" si jibu la kumaliza mjadala. Na katiba kadhaa zimeandika waziwazi. Ya Kenya ya 2010, ibara ya 51, inasema aliye kizuizini anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezi kabisa kwenda pamoja na kufungwa. Ya Afrika Kusini, kifungu cha 35, inataja moja kwa moja matibabu ya kutosha kwa gharama ya serikali.

Sasa marekebisho. Mleta mada amejenga hoja juu ya kesi za Marekani, ambako kipimo cha "alijua akapuuza" ni kigumu. Si kila nchi iko hivyo, na hata huko Marekani kipimo hicho ni cha dai la kikatiba. Kuna dai la uzembe, ambalo halihitaji uthibitishe kwamba mtu alijua. Unathibitisha kwamba alikuwa na wajibu wa kukuangalia, akashuka chini ya kiwango cha mtaalamu makini, na wewe ukaumia kwa sababu hiyo. Nimeona familia zikifungua dai la katiba kwa hasira wakati ushahidi wao ulikuwa wa uzembe, na nyingine zikafanya kinyume chake. Ukikosea mlango unaweza kupoteza kesi nzuri kabisa.

Nitoe mfano wa Afrika Kusini, kesi ya Lee ya mwaka 2012. Dudley Lee alikaa mahabusu gereza la Pollsmoor kuanzia 1999 mpaka 2004, mwisho akaachiwa huru. Humo ndani alipata kifua kikuu. Selo zilikuwa zimejaa kupita kiasi, watu wanafungiwa karibu saa 23 kwa siku, na utaratibu wa kuwatenga wagonjwa haukuwa ukifuatwa. Mahakama ya Rufani ilimwangusha kwa hoja moja: huwezi kuthibitisha ni nani alikuambukiza, na hata utaratibu ungefuatwa pengine ungeambukizwa tu. Jiulizeni ni mfungwa gani duniani angeweza kuthibitisha bakteria ametoka kwenye pafu la nani. Mahakama ya Katiba ikapindua, majaji 5 kwa 4. Ikasema inatosha kwamba pengine asingeugua kama gereza lingefanya wajibu wake. Kura moja tu ndiyo iliyoamua! Naitaja kwa sababu "mnajuaje asingeugua hata hivyo" ndiyo hoja inayoangusha mashauri mengi ya aina hii.

#5 Nesi wa Zamu

Nilifanya kazi zahanati ya gereza miaka minne. Sitasema wapi. Nimesoma uzi wote nikiwa nimeshika shavu.

Nataka niseme upande ambao hamuuoni. Mtu anakuja analalamika kifua. Askari aliyemleta ananinong'oneza "huyu anadanganya, anakwepa kazi". Mara nyingine kweli anadanganya. Ukimrudisha mara tatu mtu aliyekuwa akidanganya, mara ya nne utamrudisha asiyedanganya. Mimi nimemrudisha mmoja. Hakufa, lakini sijamsahau.

Jambo lililonisumbua kuliko uhaba wa dawa ni kwamba uamuzi haukuwa wangu. Naandika rufaa mgonjwa aende hospitali kubwa leo, napewa jibu kwamba hakuna gari, au hakuna askari wa kusindikiza, au mkubwa amesema asubiri. Niliposoma kanuni ya 27 ya hizo Kanuni za Mandela nililia. Inasema uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya mwenye dhamana, na mtumishi asiye wa afya hawezi kuutengua wala kuupuuza. Nilifanya kazi miaka yote ile hakuna aliyewahi kunionyesha sentensi hiyo.

Nilichojifunza kufanya ni kuandika. "Rufaa imeandikwa saa 4:20. Mkuu wa zamu ameeleza hakuna gari." Tarehe, sahihi. Wengine walinichukia kwa hilo. Lakini wenzangu wa magereza mnaosoma hapa, hiyo sentensi kwenye faili ni kinga ya mgonjwa na ni kinga yako wewe. Siku mambo yakiharibika, faili tupu litasema wewe ndiye hukufanya kitu.

Na wikiendi. Mleta mada amesema mganga harudi mpaka Jumatatu. Mnajua kuna nchi tajiri imeshindwa kesi kwa ajili hiyo? Uingereza, kesi ya McGlinchey, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mwaka 2003. Mama wa watoto watatu aliingia gerezani akiwa mtumiaji wa heroini, mwili ukaanza kudai, akawa anatapika siku kwa siku. Mizani iliyotumika kumpimia uzito haikuwa ya kuaminika, kwa hiyo hakuna aliyejua hasa anapungua kiasi gani. Wikiendi daktari hakuwepo. Akafikishwa hospitali Jumatatu ameishiwa maji mwilini, baadaye akafa. Mahakama ilisema ametendewa isivyo utu. Mizani na wikiendi! Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Nesi mwenzangu yeyote anajua jinsi mambo madogo kama hayo yanavyoua.

#6 Msomaji Kimya

Je kama zahanati ya gereza inaendeshwa na kampuni binafsi? Serikali si itasema hao madaktari sio wake?

#7 Hati na Kiapo

Inaweza kusema, lakini haiendi mbali. Marekani walishaamua mwaka 1988, West dhidi ya Atkins. Mfungwa alikatika mshipa wa kisigino, daktari alikuwa wa mkataba, akajitetea kwamba yeye si mwajiriwa wa jimbo. Mahakama ikasema anatibu watu ambao dola ndiyo imewafungia, kwa hiyo anabeba dhamana ya dola. Umoja wa Mataifa nao uko hivyo, serikali inaweza kukabidhi kazi, wajibu unabaki kwake. Kwenye hati ya madai nawataja wote wawili, kampuni na serikali, waje waelezane mbele ya jaji.

#8 Mama Pacha

Samahanini ndugu zangu, mimi si mtaalamu wa sheria na sijui kuandika vizuri. Mdogo wangu wa kiume yuko mahabusu wiki ya tano sasa. Ana kifafa tangu utotoni. Nyumbani alikuwa anakunywa dawa asubuhi na jioni, mwaka mzima unapita hajaanguka. Huko anapewa siku zikiwepo. Wiki iliyopita ameanguka mara mbili, mara ya pili amejigonga kichwa sakafuni. Nimeuliza getini nikaambiwa "anaendelea vizuri". Naogopa nikilalamika watamtesa. Nifanye nini? Sitaki fidia, nataka apewe dawa zake.

#9 Mwenye Daftari

Dada Mama Pacha, pole sana. Acha yote, tuanze na wewe.

Usingoje mtaalamu. Leo hii chukua karatasi, andika barua kwa mkuu wa gereza. Jina lake kamili na namba yake ya mahabusu. Ugonjwa wake na tangu lini. Jina la dawa kama lilivyo kwenye kasha, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku. Tarehe ulizoambiwa hakupewa. Tarehe alizoanguka na kwamba amegonga kichwa. Kisha ombi: apewe dawa kila siku na apimwe na daktari kichwa. Ambatanisha nakala ya cheti cha kliniki au kasha la dawa, za awali baki nazo. Toa nakala mbili za barua. Moja waache nayo, nyingine igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea, na saa iandikwe. Wakikataa kugonga muhuri, andika mwenyewe nyuma ya nakala yako nani amekataa na saa ngapi, na uende na mtu mzima mwingine ashuhudie.

Usitukane wala usitishie kesi. Barua iwe ya taarifa. Kuanzia dakika hiyo hakuna anayeweza kusema hakujua.

Kuhusu kuogopa, sitakudanganya kwamba hofu yako haina msingi. Nasi tuliogopa. Lakini kwa tuliyopitia, mgonjwa ambaye kuna karatasi inayomfuatilia anaangaliwa tofauti na yule ambaye hana mtu.

#10 Hati na Kiapo

Mama Pacha, naongezea hapo hapo kwa sababu ni la haraka.

Mdogo wako yuko mahabusu, maana yake kesi yake inarudi mahakamani. Kesi inatajwa lini? Siku hiyo yeye mwenyewe, au wakili wake kama anaye, anyooshe mkono amweleze hakimu kwamba ana kifafa, hapewi dawa, ameanguka mara mbili na kuumia kichwa. Mpeni nakala ya ile barua. Aombe iandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Hakimu anaweza kuagiza gereza limpeleke hospitali na lilete taarifa. Njia hii watu wengi hawaitumii. Wanasimama kizimbani dakika tatu, tarehe inapangwa, wanarudi na ugonjwa wao bila kusema neno. Pia ugonjwa ni sababu nzito ya kuomba dhamana iangaliwe upya.

Kama siku ya kutajwa iko mbali na hali inazidi, kuna maombi ya dharura mahakama ya juu, kuomba amri atibiwe sasa. Hilo ni shauri tofauti na la fidia, na linakwenda haraka zaidi. Cape Town mwaka 1997 wafungwa wenye virusi vya UKIMWI walifungua shauri la namna hiyo, Van Biljon, na wale ambao daktari alikuwa ameshawaandikia dawa za kupunguza makali mahakama iliagiza wapewe. Walikuwa hai wakati wa hukumu, na ndivyo inavyotakiwa.

Pia kama una daktari anayemfahamu, kanuni ya 118 ya zile Kanuni za Mandela inamruhusu mahabusu kutembelewa na kutibiwa na daktari wake mwenyewe kwa gharama yake, kukiwa na sababu ya msingi. Waulize kwa maandishi.

Onyo kwa wote: msiweke hapa jina la mgonjwa wala namba yake.

#11 Jicho la Tatu

Mama Pacha, pole sana dada. Nimeuliza swali kali pale juu, na swali lako limenifanya niliangalie upya. Naomba kuuliza jambo moja kwa wataalamu. Kama mfungwa mwenyewe hakuomba msaada? Wengine wanaogopa, wengine hawajui kwamba wanaumwa. Hapo serikali inapona?

#12 Hati na Kiapo

Swali zuri, na jibu lipo. Lantsova dhidi ya Urusi, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, 2002. Kijana aliingia mahabusu Moscow mwaka 1995 akiwa mzima, akafa ndani ya mwezi mmoja hivi. Selo ilikuwa imejaa. Serikali ikajitetea kwamba hakuwahi kuomba daktari mpaka dakika za mwisho. Kamati ilikataa. Ilisema dola inayomkamata mtu ndiyo inayobeba wajibu wa kulinda uhai wake, yeye hana wajibu wa kuomba alindwe. Ni kazi yao kujua hali yake. Ndiyo maana kanuni ya 30 ya Kanuni za Mandela inataka kila anayeingia apimwe na mtaalamu wa afya mapema iwezekanavyo. Kaka wa mleta mada angeulizwa swali moja tu mapokezi, "una ugonjwa gani?", na jibu likafika kwa mtu sahihi, uzi huu usingekuwepo.

Kwa upande wa Afrika, Tume ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 1998 kuhusu Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mwanaharakati ambaye Nigeria ilikuwa imeshamnyonga mwaka 1995. Pamoja na mengine, alinyimwa daktari kizuizini hata baada ya daktari wa gereza kuomba apelekwe hospitali. Tume ikasema ibara ya 16 ya Mkataba wa Afrika, haki ya afya, imevunjwa, na kwamba wajibu wa serikali unakuwa mzito zaidi mtu akiwa mikononi mwake, kwa sababu uzima wake wote unategemea matendo ya watumishi wake.

#13 Msomaji Kimya

Na muda je? Binamu yangu ilimtokea miaka mingi iliyopita, ndiyo kwanza tunajua kwamba kulikuwa na haki.

#14 Hati na Kiapo

Muda unaua kesi nyingi kuliko utetezi. Kila nchi ina ukomo wake, na madai dhidi ya serikali mara nyingi yana muda mfupi kuliko dhidi ya mtu binafsi. Nchi kadhaa zinataka kwanza utoe notisi ya maandishi ndipo ufungue shauri. Marekani, sheria ya mwaka 1996 inamtaka mfungwa amalize kwanza ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza. Akiruka hata moja, anafukuzwa mahakamani hata kama dai lake ni la kweli. Mwaka 2016 mahakama ililegeza kidogo, Ross dhidi ya Blake: ngazi ambayo iko kwenye karatasi tu na kwa vitendo haifikiki, haihesabiki. Lakini wewe ndiye utakayehangaika kuonyesha haikufikika, kwa hiyo omba fomu ya malalamiko, ukinyimwa andika kwamba umenyimwa.

Kwa binamu yako, usihitimishe kwamba umechelewa kabla wakili wa hapo mlipo hajaangalia. Kuna mazingira muda huanza kuhesabiwa siku ulipojua madhara, na madai ya haki za msingi katika baadhi ya nchi hayafungwi na ukomo wa kawaida. Omba faili lake la matibabu kwanza. Kanuni ya 26 inampa mfungwa haki ya kuliona faili lake, na kumteua mtu wa kuliona kwa niaba yake.

#15 Nesi wa Zamu

Ombeni faili mapema. Nimeona kurasa zikipotea. Na mkipewa nakala, hesabuni siku. Kama kuna siku 12 hazina maandishi yoyote na mgonjwa alikuwa wa dawa za kila siku, hizo siku 12 ndizo kesi yenu.

Mama Pacha, kwa mgonjwa wa kifafa kukatisha dawa ghafla ni hatari kuliko watu wanavyodhani, degedege linaweza kuja mfululizo lisikate. Kwenye barua andika neno "dharura". Na umwambie mdogo wako awaeleze wenzake selo: akianguka wamlaze ubavu, wasimtie kitu mdomoni, wahesabu dakika, zikifika tano wapige kelele mpaka mlango ufunguliwe.

#16 Mama Pacha

Nimerudi wakuu. Samahani kwa kukaa kimya siku sita.

Barua nilipeleka siku ile ile, saa 8:40 mchana, nikaenda na mama mkwe. Yule wa getini alikataa kugonga muhuri. Nikamwambia sawa baba, naandika hapa kwamba umekataa. Akaniangalia, akaingia ndani, akarudi na mkubwa wake. Ikagongwa.

Jana kesi ilitajwa. Mdogo wangu ni mtu wa aibu, sauti haitoki. Hakimu alimwambia arudie mara mbili. Alirudia. Ameagiza apelekwe hospitali na taarifa iletwe Ijumaa ijayo. Leo nimeambiwa wamempima kichwa, hakuna damu ndani, na amepewa vidonge vya wiki mbili.

Nimenunua daftari.

#17 Mwenye Daftari

Dada, nimesoma kwa sauti mama akiwa karibu, amefunika uso na khanga.

Anasema uandike na idadi ya vidonge. Wiki mbili mara mbili kwa siku ni 28. Ukienda kumwona Jumapili muulize vimebaki vingapi, uandike.

#18 Mama Pacha

Vimebaki 26. Nitaandika kila nikienda.